Jinsi ya kulifanya Jiji la Mwanza limtuze mwanasoka wa mtaani kwenu

Kila kijana aliyekulia huku akifunga bao la maana, simu yangu inaanza kuita. "Mama, hivi jiji linasubiri nini kumpa tuzo huyu mtoto?" Wananipigia mimi kwa sababu kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa vikao kwenye halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Nilipanga makabrasha, niliandika mihtasari, nilihakikisha chai inafika kabla waheshimiwa hawajaanza kutoroka. Siku hizi ni katibu wa kikundi cha maveterani wa soka hapa Mabatini. Jibu langu ni lile lile kwa wote: leteni barua. Wengi hawapigi tena.

Baraza la madiwani halisikii kelele za vijiweni wala za kwenye simu. Linasikia kilichomo ndani ya kabrasha. Jambo lisilo na karatasi linaishia kwenye "mengineyo", na mengineyo husomwa watu wakiwa wameshafunga mikoba.

Kwanza jua mpaka

Mwanza ya mdomoni ni moja, ya kwenye karatasi ni mbili. Tangu 2012 Ilemela ina manispaa yake na makao yake Buswelu, na Halmashauri ya Jiji imebaki na wilaya ya Nyamagana. Kama mchezaji wenu ni wa Igogo, Mkuyuni, Butimba, Mahina, Igoma, Mirongo au huku kwetu Mabatini, mlango wenu ni Jiji. Kama ni wa Kirumba, Kitangiri, Pasiansi au Nyakato, diwani wake hakai kwenye Baraza la Jiji, na barua mtakayompelekea Mkurugenzi wa Jiji itarudi na maneno ya adabu yanayowaelekeza Buswelu. Hata uwanja wa CCM Kirumba, ambao nchi nzima inauita uwanja wa Mwanza, uko Ilemela.

Halafu kuna suala la Bugando. Ile ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima. Wanajifungulia pale kina mama wa Magu, Sengerema, Geita na Ukerewe. Cheti cha kuzaliwa kikisema Nyamagana hakijasema mtoto ni wa wapi. Na yupo aliyezaliwa kisiwani Ukerewe akaletwa Igogo hajaanza shule, mpira wote kaujulia kwenye vumbi la huku. Kwa hiyo msishike cheti peke yake. Nendeni shule ya msingi aliyosoma mkaombe barua ya mwalimu mkuu inayothibitisha miaka aliyokuwepo, kisha mtafuteni aliyekuwa kocha wake wa mwanzo awaandikie ukurasa mmoja. Kwenye maombi andikeni "aliyezaliwa na kukulia" pale tu yote mawili ni kweli. Kama ni moja, andikeni hilo moja. Diwani wa upande mwingine akiinuka na kusema "huyu si wa kwetu huyu", mnataka mwenyekiti awe na la kumjibu hapo hapo.

Mwombeni mwenyewe

Inashangaza ni wangapi wanairuka hatua hii. Mchezaji anaweza kuwa na mkataba unaotaka klabu ijue anapotokea hadharani, anaweza kuwa na meneja, anaweza kuwa na ugomvi wa kifamilia ambao hataki kuja kuukuta jukwaani. Zungumzeni naye, kisha na mzazi au mlezi wake. Mpateni aandike mistari miwili kwamba amekubali. Iwe kwenye karatasi yenye sahihi, maana ujumbe wa simu haukai kwenye faili.

Wasifu wa ukurasa mmoja

Hapa ndipo mashabiki wanapoharibu. Wanaandika "nyota wa dunia", "mfalme wa soka", kisha hawasemi aliichezea timu gani mwaka gani. Ondoeni sifa zote, bakizeni mambo yanayoweza kukaguliwa: shule, timu ya mtaa, klabu kwa mpangilio wa miaka, mechi za Taifa Stars au Twiga Stars, mataji. Idadi ya mabao iombeni kwa barua TFF, yaani Shirikisho la Soka Tanzania, au klabuni. Mtandaoni kila mtu ana hesabu yake. Mmoja amejumlisha mechi za kirafiki, mwingine amejumlisha hata bonanza.

Tuseme mnaandika juu ya Mrisho Ngassa. Mistari michache inamtosha: mtoto wa Khalfan Ngassa aliyeichezea Pamba; amepita Kagera Sugar, Yanga, Azam, Simba, hadi Free State Stars ya Afrika Kusini; ni miongoni mwa wafungaji wakubwa wa Taifa Stars. Msomaji ameshainua kichwa na hamjatumia sifa hata moja. Ila angalieni jina. Kuna magazeti yanaandika Ngassa na mengine Ngasa. Chukueni jina kutoka kwenye pasi ya kusafiria na mlitumie hilo hilo kwenye barua, kwenye muhtasari na kwenye ngao. Niliwahi kuiona ngao ya mninga, nzuri, imeng'arishwa mpaka unajiona usoni, ina herufi moja pungufu kwenye jina la ukoo. Mzee wa familia aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma polepole kwa kidole, akamrudishia MC.

Na msiwasahau wasichana. Mji huu una Alliance Girls, iliyowahi kucheza ligi kuu ya wanawake, na wapo mabinti waliopita hapa ambao hakuna aliyewahi kuwaandikia hata huo ukurasa mmoja.

Barua na njia yake

Barua inaandikwa kwa Mkurugenzi wa Jiji, yeye ndiye katibu wa baraza. Msimwandikie Mstahiki Meya moja kwa moja mkidhani mnakata njia. Meya ataipeleka kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi atauliza kwa nini haikupitia kata. Chini ya anwani wekeni "K.K. Afisa Mtendaji wa Kata", yaani kupitia kwake, na chini yake "K.K. Afisa Mtendaji wa Mtaa". Kisha "YAH:" na kichwa kinachobeba ombi zima, kwa mfano: MAOMBI YA BARAZA KUMTUNUKU TUZO YA HESHIMA, likifuata jina kamili. Kile kichwa ndicho kitakachonakiliwa kwenye kitabu cha masijala na kwenye dondoo za kikao, kwa hiyo kiandikeni kama mnavyotaka madiwani wakisikie.

Ombi lianzie kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti wa mtaa aitishe, wananchi wajadili, muhtasari uandikwe na orodha ya waliohudhuria iambatanishwe na sahihi zao. Watu wanaidharau orodha ile, lakini diwani akiiona anaona wapiga kura wake wamekaa kwa mstari. Kutoka hapo linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile tunayoiita WDC, ambako diwani ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ndiye katibu. Mkishapata muhtasari wa pale mmeshavuka mto mkubwa, kwa sababu diwani hawezi tena kusema hakujua.

Pelekeni nakala mbili masijala. Moja inabaki, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Mkiambiwa "acha tu hapo mezani", kaeni kwenye benchi mpaka mhuri utoke.

Ndani ya ofisi barua itashuka kwa afisa michezo na afisa utamaduni kwa maoni ya kitaalamu. Mtembeleeni afisa michezo mapema, tena mkiwa na wasifu uliokamilika, kwa sababu yeye ndiye atakayeandika taarifa, na mwandishi mwenye kazi nyingi hunakili kile alicholetewa kikiwa kimepangwa vizuri. Taarifa inapanda kwenye Kamati ya Uchumi, Afya na Elimu. Kama kuna gharama inapita Kamati ya Fedha na Uongozi. Mwisho ni Baraza lenyewe, ambalo mkutano wake wa kawaida ni wa kila robo mwaka. Mkikosa robo hii mnasubiri nyingine, kwa hiyo muulizeni karani siku ya mwisho ya kupokea dondoo. Muulizeni kwa heshima. Makarani tunakumbuka sura.

Hoja inayopenda kuinuliwa barazani ni hii: "Lakini hajawahi kuichezea timu yetu." Ni kweli kwa wengi, Simba na Yanga huwachukua wangali wabichi. Mpeni diwani wenu mfano wa Denis Law. Alizaliwa Aberdeen, Scotland, akajenga jina lake Uingereza na Italia, hakuichezea klabu ya Aberdeen hata siku moja. Mwaka 2017 mji ule ulimpa heshima yake ya juu kabisa, ile wanayoiita Uhuru wa Mji. Walikuwa wanamtuza mtoto wao. Jezi aliyovaa haikuhusika.

Ombeni kitu kimoja

Mkiomba cheti, ngao, barabara, kiwanja na fedha kwa pamoja, kamati itajadili fedha mpaka jua lizame na vingine vyote vitaahirishwa navyo. Chagueni.

Mimi nikiulizwa, ngao na azimio la baraza vinatosha, na kama mnataka kitu cha kudumu ombeni jina la barabara ya mtaa aliokulia. Tangu zoezi la anwani za makazi la 2022 barabara zetu nyingi zina vibao, hivyo kubadili jina kunataka utaratibu wake na ridhaa ya wakazi. Anzeni na kichochoro ambacho hakuna anayekigombea. Uwanja pia ni heshima kubwa: mwaka 2022, Senegal ilipotoka kutwaa Kombe la Afrika, Sédhiou walitangaza kuupa uwanja wao jina la Sadio Mané, mtoto wa mkoa huo. Lakini huku kwetu viwanja vina wenyewe na wenyewe wana siasa zao.

Kiwanja cha ardhi msiombe. Kitachukua miaka kupimwa, na siku kitakapopatikana atatokea mtu mwenye hati ya zamani.

Sanamu nayo hapana. Ronaldo alizaliwa Funchal, kisiwani Madeira, na 2017 uwanja wa ndege wa huko ulipopewa jina lake, walizindua na sanamu ya kichwa chake. Dunia nzima ilicheka, mpaka baadaye wakaweka nyingine. Wale wana fedha. Sisi tutachongewa na fundi aliyepewa wiki moja na picha ya kwenye gazeti.

Kalenda

Wachezaji wengi wako huru ligi zikisimama, yaani Juni na mwanzoni mwa Julai. Uzuri wake ni kwamba Juni ndiyo Bulabo kule Bujora, ngoma za Kisukuma ziko motoni na vikundi vinapatikana vikiwa na mazoezi. Ubaya wake ni kwamba mwaka wa fedha wa serikali unafungwa 30 Juni, na kipindi hicho mhasibu hataki kuona sura ya mtu. Kama mnataka halmashauri igharamie chochote, kiingie kwenye bajeti inayoandaliwa miezi mingi kabla, wakati mitaa na kata zinaulizwa vipaumbele. Hata ngao moja ikinunuliwa kwa fedha ya umma inapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kama ununuzi mwingine wowote. Njia rahisi: maveterani na wafanyabiashara wachange ngao, halmashauri itoe azimio, ukumbi na sahihi ya Meya. Kamati ya Fedha itawapenda.

Siku yenyewe

Tuzo itolewe barazani asubuhi, kikao kikiwa na akidi, azimio lisomwe ndipo ngao itolewe. Wengi wanataka iwe wakati wa mapumziko kwenye mechi ya Pamba Jiji. Mapumziko ni dakika 15, mechi iko chini ya Bodi ya Ligi, na mgeni rasmi peke yake anaweza kuzimaliza dakika hizo akiwasalimia waliopo meza kuu. Zaidi ya hapo CCM Kirumba ina mmiliki wake wa kuombwa na kulipwa. Mchana nendeni Nyamagana kwenye nyasi bandia, maveterani wacheze na watoto, mchezaji aliyetuzwa apige mpira wa kwanza na ngoma ya Bugobogobo ilie na majembe yake. Watu watafurahi kuliko kwa hotuba.

Msivae rangi za chama chochote siku hiyo, na mbunge akija na fulana za kugawa, zibaki kwenye gari. Mzazi wa mchezaji akae mstari wa mbele. Msimpange nyuma ya maafisa halafu MC aanze kumtafuta kwa kipaza sauti. Na mtungi wa maji uwe karibu naye. Ukumbi ule ukijaa, joto lake nalijua.

Wiki chache baadaye rudini kwa karani mkaombe nakala ya muhtasari. Utakuwa haujathibitishwa, kwa sababu muhtasari huthibitishwa kikao kinachofuata, kwa hiyo rudini tena baada ya robo. Mkiupata, tafuteni namba ya azimio, ipigieni mstari, toeni nakala tatu: moja kwa familia, moja shule ya msingi, moja kwenye faili la mtaa. Kama mliomba jina la barabara, namba hiyo ndiyo mtakayompelekea afisa mipango miji kuulizia kibao.