Kichanga akivimba maziwa, usimkamue

Mimi ni mkunga hapa Busia, upande wa Uganda. Wanaonigongea mlango usiku wengi wao ni akina bibi kuliko wazazi wenyewe. Bibi anaingia na kichanga ndani ya leso, anatazama nyuma kwanza, halafu ananong'ona: "Mkunga, huyu wa kiume ameota maziwa."

Karibu bibi. Keti. Tumfunue tuone.

Angalia pande zote mbili. Kwa kawaida uvimbe huanza siku ya tatu hivi, kwa wa kike na wa kiume sawasawa. Gusa kwa mgongo wa kidole: pana kifundo laini, ngozi haijabadilika rangi, mtoto halii. Wengine hata hutoa tone la maziwa. Hizo ni homoni. Akiwa tumboni, estrojeni ya mama ilimfikia kupitia kondo. Kitovu kikishakatwa inashuka ghafla, na mwili wake mdogo unahangaika kuzoea.

Sasa mikono yako iweke mbali. Usikamue, usikande kwa kitambaa cha moto, usipake dawa ya miti. Mwaka juzi niliona mvulana wa siku tisa aliyekamuliwa kila asubuhi "asije akawa na matiti ya mwanamke." Vijidudu vya ngozi viliingia kwenye chuchu, ziwa la kushoto likawa jipu, likapasuliwa. Kukandamizwa vile pia huchochea maziwa yazidi kutoka, kwa hiyo bibi alikuwa akijitafutia kazi isiyoisha. Mvalishe nguo isiyobana, mwogeshe kama kawaida, mnyonyeshe. Uvimbe hupungua kwa wiki kadhaa. Kwa wengine hukawia miezi.

Wa kike ana lake la ziada, na hapa ndipo hata akina baba hutetemeka: ute mweupe ukeni, au damu kidogo kwenye nepi ndani ya wiki ya kwanza. Estrojeni ilikuwa imejenga utando wa mji wa mimba. Imeondoka, utando unabanduka. Mpanguse kwa pamba na maji safi ya vuguvugu, kutoka mbele kwenda nyuma, bila kuchokonoa ndani. Siku mbili tatu, imekwisha. Usikubali jirani akuambie mtoto ameingiliwa na kitu.

Ila kuna usiku ambao nitakuambia uite boda sasa hivi. Ziwa moja likiwa jekundu, la moto, gumu, au linatoa usaha. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 37.5 au zaidi. Mtoto akikataa kunyonya au akilegea. Damu ya ukeni ikiwa nyingi, ikizidi wiki, au ikitoka pia kitovuni, puani au kwenye choo. Hapo uliza mapema kama alichomwa sindano ya vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda, alipozaliwa, maana waliozaliwa nyumbani wengi huikosa.

Kama dalili hizo hazipo, subiri siku ya sita. Ndiyo siku ya kumrudisha kituoni hata akiwa mzima kabisa, kisha wiki ya sita. Mvue nguo zote mbele ya mhudumu, asimtazame usoni tu. Na kama bibi yuko nyumbani, mje naye. Nitamweleza mwenyewe, kwa sababu wewe mkwe hatakusikiliza.