Unaenda kuwekewa ACL (ligamenti ya katikati ya goti) mpya? Jua kwanza tundu linatobolewa wapi

Wadau wa magoti, mimi ni fizio hapa Moshi na karibu kila wiki kijana wa mpira au mgumu wa mlimani (mbeba mizigo wa Kilimanjaro) ananiuliza kano ipi ni imara ya kutengenezea ACL, ile ya nyuma ya paja au ile ya chini ya pia ya goti. Swali zuri ila sio la kwanza. Zote mbili zikiandaliwa vizuri, siku ya oparesheni zina nguvu kuliko ligamenti uliyozaliwa nayo. Shida kubwa ni tundu la mfupani la kushikiza hiyo kano kutobolewa mahali sipo, hasa lile la mfupa wa paja.

Fanya hivi nyumbani. Fungua mlango nusu, chukua uzi, bandika ncha moja ukutani na nyingine mlangoni, zote karibu kabisa na bawaba, uzi uwe umekaza kidogo tu, afu funga mlango taratibu. Uzi unavutika kidogo sana. Sasa hamisha ncha zote mbili mbali na bawaba, kaza tena, funga: mlango unagoma au solotepu inabanduka. Uzi ni uleule na mlango ni uleule, ulichobadilisha ni sehemu ya kushikiza tu!

Goti nalo ndio hivyo. Tundu la paja likikaa mbele sana, ukikunja goti grafti (ile kano uliyowekewa) inakaza, kwa hiyo ama unashindwa kuchuchumaa ama grafti inavutika siku hadi siku mpaka inalegea. La muundi likiwa mbele sana, shida inakuja ukinyoosha, grafti inagonga dari la mfupa wa paja, yaani juu ya ule uwazi inamopita, inasagika pale, na mguu haunyooki wote.

Kosa linalodanganya watu wengi zaidi ni grafti kusimama wima. Mgumu yeyote aliyefunga hema kambi ya Barafu usiku wa upepo anajua kamba haishuki wima, unaivuta mshazari ndio hema lisipinduke. ACL nayo imelala mshazari, toka mbele juu ya muundi hadi nyuma kwenye ukuta wa uwazi huohuo wa mfupa wa paja, upande wa nje wa goti. Ikisimama wima inazuia muundi kutoka mbele ila kujizungusha haizuii vizuri. Nilikuwa na kijana, ukimlaza kitandani ukavuta muundi goti limetulia kabisa, anapanda ngazi freshi, lakini akishuka mlima kwa njia ya Mweka na mzigo akakanyaga jiwe na kugeuza mwili, goti linachomoka. Alilaumiwa eti hafanyi mazoezi, na mazoezi alikuwa anafanya, mimi nilikuwa namuona kwa macho yangu. Iliniuma sana.

Kwa hiyo kabla ya oparesheni muulize daktari: tundu la paja unalitoboa kwa kupitia tundu la muundi, au kwa njia yake lenyewe? Kwa njia ya kwanza drili inafuata mwelekeo wa tundu la chini ndio maana ni rahisi kuishia juu sana, wapo wanaoipatia lakini akueleze anafanyaje. Ya pili goti linakunjwa sana, kama nyuzi 110 hadi 120, ili drili ifike pale ACL ya zamani ilipokuwa imeshika. Usiogope kuuliza shikamoo daktari, grafti itakaa wapi? Daktari mzuri atakuchorea.

Madaktari wengi wanaeleza kwa uso wa saa, goti likiwa limekunjwa na kutazamwa kwa mbele. Saa 6 juu kabisa ndio wima, hutaki hapo. Goti la kulia tundu liwe usawa wa kama saa 4, la kushoto saa 8. Ila saa haionyeshi mbele na nyuma, kwa hiyo baada ya oparesheni omba eksirei ya ubavu, mguu umenyooshwa. Utaona mstari mweupe wa dari la mfupa wa paja: tundu la paja liwe nyuma kwenye huo mstari, na la muundi liwe nyuma ya pale mstari ukirefushwa unapogusa muundi.

Picha zenyewe zije na wewe kwa fizio, sio karatasi ya majibu peke yake. Na hata kama tundu limekaa sawasawa, kano inahitaji kama wiki 8 hadi 12 kushikana na mfupa, na kipindi hichohicho grafti yenyewe inakuwa dhaifu kwa sababu mwili unaijenga upya, wakati maumivu yameshaisha na wewe unajiona umepona. Mpira usiuguse kabla ya miezi 9.