Namna ya Kusoma Pasipoti ya Zamani kama Hati ya Historia

Pasipoti iliyokwisha muda wake, iwe imekatwa pembe au imegongwa muhuri wa kubatilishwa, haimvushi tena mtu mpakani, lakini inabaki kuwa ushahidi wa sheria zilizomruhusu mwenye nayo kusafiri na zile zilizomzuia. Ukitaka kuisoma sawasawa, usianze na picha, ingawa ndiyo huvuta macho ya kila mtu. Anza na umbo la hati yenyewe.

Chukua rula upime jalada. Mkutano ulioitishwa na Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa, mjini Paris mwezi Oktoba 1920 ulipendekeza kijitabu cha kurasa 32, chenye urefu wa sentimita 15.5 na upana wa sentimita 10.5, kiandikwe kwa Kifaransa na walau lugha nyingine moja. Ukikuta vipimo hivyo, na Kifaransa kikiwa kando ya lugha ya nchi iliyoitoa, unatazama matokeo ya mkutano huo. Ikiwa hati ni karatasi moja iliyokunjwa mara kadhaa, yaelekea ni ya kabla ya hapo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wengi walivuka mipaka ya Ulaya Magharibi bila kuulizwa pasipoti. Vita vilipoanza mwaka 1914, serikali zilianza kudai hati kwa kuhofia wapelelezi, na vita vilipokwisha sharti hilo likabaki.

Ukishafahamu umri wa hati, nenda kwenye ukurasa wa mwenye nayo, na usome hata sehemu zilizoachwa wazi. Ukiona nafasi ya maelezo ya mke chini ya yale ya mume, jua kwamba hati iliwahesabu wawili hao kama msafiri mmoja. Katika pasipoti za Uingereza za namna hiyo, mke hakuweza kusafiri nayo peke yake. Ikiwa hati haimtaji mwenye nayo kuwa raia wa nchi yoyote, na ina stempu yenye sura ya Fridtjof Nansen, kamishna wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, umeshika cheti cha mkimbizi. Vyeti hivyo vilianza mwaka 1922 kwa ajili ya Warusi waliopoteza uraia wao, na malipo ya stempu yaliingia katika mfuko wa kuwasaidia wakimbizi. Hati ya namna hii ishike kwa uangalifu wa pekee, kwa kuwa aliyekuwa nayo hakuwa na serikali ya kumtetea.

Mihuri ndiyo inayostahili muda wako mwingi zaidi. Maofisa hugonga popote wanapopata nafasi, kwa hiyo mpangilio wa kurasa si mpangilio wa safari. Andika kila tarehe kwenye karatasi ya pembeni, kisha zipange upya. Tenganisha viza, ambayo kwa kawaida hutolewa na ubalozi kabla ya safari, na muhuri wa kuingia, ambao hugongwa mpakani. Viza isiyofuatwa na muhuri wa kuingia huenda ni ya safari iliyoshindikana. Kwa mtu aliyehamia Marekani baada ya sheria ya mwaka 1924, tafuta viza ya konseli, yaani ofisa wa Marekani aliyewakilisha serikali yake katika nchi ya kigeni: sheria hiyo iliweka idadi maalumu ya wahamiaji kwa kila taifa na kudai viza itolewe ng'ambo, hivyo wengi walikataliwa kabla hata ya kupanda meli.

Katika pasipoti za Ujerumani za kuanzia Oktoba 1938, angalia kama kuna herufi J nyekundu. Iligongwa katika pasipoti za Wayahudi baada ya mazungumzo na Uswisi, ili ofisa wa mpakani awatambue mara moja. Ukiikuta, soma kwa makini zaidi viza zinazofuata, na vilevile kurasa tupu.

Pasipoti za karibuni zaidi zina mistari miwili ya herufi na tarakimu chini ya ukurasa wa picha, kwa kufuata kanuni ambazo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilizichapisha mara ya kwanza mwaka 1980. Kila mstari una nafasi 44. Katika mstari wa pili, tarehe ya kuzaliwa hufuatwa na tarakimu ya uhakiki, ambayo unaweza kuikagua mwenyewe. Chukua 580321, yaani tarehe 21 Machi 1958, kisha zidisha tarakimu zake kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1 kwa kufuatana: unapata 35, 24, 0, 21, 6 na 1, jumla 87. Gawanya kwa 10, ubaki na 7. Tarakimu inayofuata tarehe hiyo ikiwa si 7, rudia hesabu. Na ikiwa bado haikubali, linganisha mstari huo na tarehe iliyoandikwa juu yake kabla ya kunakili chochote.