SOMO: Umefunga kalipa kubwa (kifaa kinachobana diski ya breki), mbona pedeli ya breki inazama?

Swali hili naulizwa kila mara, naliweka hapa. Mfano ni gari la Subaru Forester linalotoka kalipa ya pistoni mbili kwenda ya pistoni nne.

1. Jeki, stendi, vua tairi.

2. Toa kalipa ya zamani, funga diski, pedi na kalipa mpya.

3. Toa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki. Kazi nyingi zinaharibikia hapa. Nipeli (skrubu ndogo kwenye kalipa) ya kutolea upepo LAZIMA ikae juu. Kalipa ya kulia ukiifunga kushoto itaingia vizuri tu, ila nipeli inakuwa chini na upepo unabaki juu ya pistoni hata umwage lita nzima ya mafuta. Pedeli inazama, unaambiwa masta (pampu kuu ya breki) imekufa, unanunua masta bure. Kagua kabla ya kukaza bolti, na kopo la mafuta ya breki lililo juu ya masta lisikauke katikati ya kazi.

4. Zoesha pedi: kanyaga breki toka kasi ya 60 hadi 10 mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe.

Upepo ukiisha, pedeli bado itashuka kidogo kuliko zamani. Ni kawaida: pistoni zenye eneo kubwa zinataka mafuta mengi, na masta ni ileile. Ukitoka masta ya inchi 15/16 kwenda inchi 1, eneo linaongezeka kama asilimia 14. Pedeli inapanda, lakini mguu unakanyaga kwa nguvu zaidi kwa kiasi hichohicho. Pedeli ngumu si ushahidi kwamba gari linasimama haraka.

MASWALI

Mdau 1: Mkuu yangu inazama, nifanyeje?
— Nipeli iko juu au chini?
Mdau 1: Fundi kasema masta.
— Nimeuliza nipeli. Hatua ya 3.
Mdau 1: Iko chini.
— Badilisha kalipa, ya kulia na ya kushoto zibadilishane nafasi, toa upepo upya.

Mdau 2: Kaka, hosi za breki za waya (zilizofunikwa kwa waya wa chuma) zinasaidia kweli?
— Swali zuri. Mpira uliozeeka unavimba ukikanyaga, pedeli inalegea. Mwenzako akanyage huku umeishika hosi. Ukisikia inavimba, badilisha. Hata ukiweka mpira mpya tu, utaona tofauti.

Mdau 3: Nikishuka mlima Kitonga pedeli inalegea, ikipoa inarudi.
— Mafuta ya breki yanachemka. Kiwango cha chini cha kuchemka cha DOT 3 (daraja la mafuta ya breki) mpya ni 205°C, ikishanyonya unyevu ni 140. Mwaga yote, weka DOT 4 (230 na 155), na mlima ushuke kwa gia ndogo. DOT 5 usiguse, ni silikoni, haichanganyiki na hizo.

Mdau 2: Rimu za inchi 15 zitapita?
— Nyingi zinagusa kalipa. Jaribisha rimu kabla hujalipia chochote.