Somo: Kokteli ya wiski kwa asali ya Tabora, kuanzia sokoni hadi kwenye glasi

Wadau, salamu kutoka Isevya. Mkoa wetu unatoa asali inayosafirishwa mpaka nje ya nchi, lakini ukiingia baa nyingi mjini ukaomba kokteli unawekewa sharubati nyekundu ya chupa, sukari tupu. Jambo hili linaniuma. Nimesimama kaunta miaka tisa, na kinywaji ninachokipenda kuliko vyote ni hiki cha wiski, limao na asali. Wamarekani wanakiita Gold Rush. Kilianzia New York mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni vitu vitatu tu, kwa hiyo kimoja kikiwa kibovu hakuna pa kukificha.

Hatua ya 1: Asali

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Ukienda Soko Kuu usianze na bei. Omba kuonja. Asali ya miyombo huwa na rangi ya chai nzito, na utamu wake una ukali kidogo nyuma ya koo. Ukali huo ndio tunaoutafuta, kwa sababu asali laini sana inamezwa na wiski, unabaki na utamu usio na jina.

Inusie puani kabla ya kuilamba. Mrina asali akitumia moto mwingi, moshi unaingia kwenye masega na hautoki tena. Asali ya namna hiyo usiiweke kwenye kokteli, itakupa ladha ya majivu. Ukikuta mapovu juu na harufu ya uchachu, ujue ina maji mengi na imeanza kuchacha. Mara nyingi masega yalirinwa kabla nyuki hawajayafunika kwa nta.

Wengine watakuwashia kiberiti au kudondosha tone kwenye maji kukuthibitishia kwamba ni halisi. Majaribio hayo hayathibitishi kitu. Wala asali kuganda si ushahidi kwamba imetiwa sukari. Asali halisi nyingi huganda. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, taratibu itarudi. Usiichemshe, harufu yake yote itaondoka na mvuke.

Kuna na asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu wa asili. Ni tamu ajabu, lakini ukiitumia punguza limao. Na kwa kuwa ni adimu, mimi naona bora uilambe hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Legeza asali kwanza

Usimimine asali nzima kwenye barafu. Nilifanya hivyo kwenye sherehe ya kumuaga mdogo wangu alipokuwa anaolewa. Asali ilishuka kama uzi, ikagusa barafu, ikakaza pale pale ikawa kama gundi. Wageni walikunywa wiski na limao tupu, na mwisho wa usiku nilikusanya glasi ambazo asali yote ilikuwa imelala chini. Zile nusu lita mbili za asali nzuri ya Sikonge niliziosha kwa maji ya moto, na moyo uliniuma kweli.

Chukua vijiko viwili vya asali, ongeza kijiko kimoja cha maji ya uvuguvugu, koroga mpaka ukiinua kijiko itiririke bila kukatika. Tengeneza kidogo kidogo. Ikishatiwa maji haidumu kama asali yenyewe, hivyo iweke kwenye friji na uimalize ndani ya wiki moja au mbili.

Hatua ya 3: Wiski

Kwa kinywaji hiki chagua bourbon ya Marekani ukiipata. Kwa sheria yao angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi, na hukaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Pale ndipo inapopata harufu ya vanila na sukari iliyoungua, nayo inakaa na asali kama ndugu.

Usipoipata, wiski ya Uskoti iliyochanganywa inafaa vizuri. Nayo lazima ikae kwenye pipa la mwaloni miaka isiyopungua 3 na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40. Ukiona 12 kwenye lebo, maana yake wiski changa kuliko zote ndani ya chupa hiyo ina miaka 12. Chupa ya namna hiyo inywe yenyewe na matone machache ya maji. Kuitia limao ni kuionea. Zile za kisiwa cha Islay, ambazo shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa peat, yaani udongo wa mimea iliyooza, mimi siziweki na asali yetu. Zinagombana.

Kabla ya kununua angalia stempu ya TRA, na angalia kizibo kama kimewahi kuguswa. Chupa ya bei ya kushangaza iache dukani. Na gongo isiingie kabisa kwenye somo hili. Pombe isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa na methanoli, na methanoli inapofusha na kuua. Limao na asali haziondoi sumu.

Hatua ya 4: Limao

Lisukume juu ya meza kwa kiganja mpaka lilegee, kisha likamue muda huo huo. Maji ya limao ya jana yamekufa. Ndimu nayo inafaa, ila ni kali zaidi.

Hatua ya 5: Pima, tikisa, mimina

Kijiko cha chakula kilichosawazishwa ni mililita 15. Kwa glasi moja: wiski vijiko 4, maji ya limao vijiko 2, asali iliyolegezwa kijiko kimoja na nusu. Pima kila mara, hata kama umeshazoea. Mkono huchoka saa nne usiku, kijiko hakichoki.

Tia vyote kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, jaza barafu, tikisa kwa nguvu mpaka chombo kitoe jasho na vidole vianze kuuma kwa baridi. Ni kama sekunde 15. Barafu inapoyeyuka kidogo ndipo ukali wa wiski unapolegea. Chuja kwenye glasi yenye barafu mpya. Mimi humalizia kwa chembe chache za chumvi ya Uvinza. Hutaisikia kama chumvi, itapunguza tu ule uchungu wa maganda ya limao.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanga, Kigoma: Mkuu, shukrani kwa somo. Huku wiski ni gharama. Konyagi inafaa?

*Jibu:* Inafaa, mkuu. Konyagi ina kilevi asilimia 35, hivyo limao lile lile litaizidi nguvu. Weka kijiko kimoja na nusu cha limao na kimoja cha asali. Kitakachotoka kitakuwa jirani na Bee's Knees, kokteli ya jini (gin), limao na asali inayojulikana tangu miaka ya 1920, wakati Marekani ilipokuwa imepiga marufuku pombe.

Mdau wa Ujiji: Mimi ni mtu wa bia. Nikimimina nyumbani povu linakufa kabla sijaketi, baa linakaa. Bia ni zile zile. Tatizo nini?

*Jibu:* Kaka, unakula nini nayo?

Mdau wa Ujiji: Mgebuka wa kukaanga, na dagaa wa mawese.

*Jibu:* Basi ni mafuta. Mafuta kidogo tu kwenye glasi, hata yale ya midomoni, yanaua povu. Osha glasi kwa sabuni, suuza sana, iinamishe ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa cha jikoni. Unapomimina ilaze glasi, ikifika nusu isimamishe. Na kreti usiiache juani. Mwanga ukifika kwenye bia unaharibu kile kinachotoka kwenye maua ya hopi, mmea unaoipa bia uchungu, nayo inaanza kunuka vibaya. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, ya kijani kidogo tu. Ukiulizwa "baridi au moto?" jibu unavyopenda, hakuna kosa, ila ladha ya shayiri huisikii vizuri bia ikiwa karibu kuganda.

Mdau wa Ujiji: Kumbe! Na barafu yangu inanuka samaki.

*Jibu:* Barafu inavuta harufu ya kila kilichomo kwenye friza. Igandishe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na migebuka, na usiiweke siku nyingi.

Mdau wa Sikonge: Shikamoo mwalimu. Bibi yetu anatengeneza wanzuki, ile pombe ya asali. Naweza kuutumia badala ya asali?

*Jibu:* Marahaba. Hauwezi kushika nafasi ya asali, kwa sababu sukari yake nyingi imeshageuka kilevi. Tengeneza kokteli kama kawaida, ukishaichuja kwenye glasi ongeza wanzuki vijiko vitatu juu. Usiutikise kwenye chombo kilichobanwa, wala usiufungie kwenye chupa ya kioo kama bado unachemka. Gesi yake inapasua chupa. Bibi apewe salamu zangu, ufundi huo usipotee.

Mdau wa Ipuli: Usiku wa Julai hapa Tabora baridi inauma. Wiski na asali ya moto inatibu mafua?

*Jibu:* Haitibu, dada. Inakupa joto la koo na raha. Wiski vijiko 3, asali kijiko kimoja, limao nusu, karafuu mbili, jazia maji ya moto ambayo yamepumzika kidogo baada ya kuchemka. Lakini kama umemeza dawa, acha pombe kabisa siku hiyo.

Mdau wa Kanyenye: Jumamosi nina wageni kumi na wawili, nusu yao hawanywi pombe. Sitaki wakae na soda wakiwatazama wenzao.

*Jibu:* Nimefurahi umeuliza hili. Chemsha chai ya rangi, nzito kuliko unayokunywa asubuhi, na kipande cha tangawizi iliyopondwa. Iache ipoe kabisa. Tumia chai hiyo vijiko 6 mahali pa wiski. Limao na asali vibaki vile vile. Ukakasi wa chai unashika ulimi karibu kama pipa la mwaloni linavyofanya. Ila uwe na vyombo viwili vya kutikisia, kimoja cha pombe na kimoja cha chai, na cha chai ukifunge kitambaa cheupe shingoni ili visichanganywe wakati wa kuhudumia. Kwa wageni sita kamua malimao manne, labda matano. Asali robo lita itabaki, na hiyo iliyobaki wape waende nayo nyumbani.