SOMO: Kambale na perege bwawa moja, maji ya moto na tope

Kila kaskazi ikiingia naulizwa lile lile, "vifaranga wa perege niliowatia wamepotelea wapi?" Wameliwa. Naandika mara moja hapa, atakaeuliza tena ntamtumia linki.

1. Chimba mfereji kabla ya masika, maji ya mvua yasikuingizie udongo bwawani.

2. Pima joto alfajiri na saa nane mchana, andika.

3. Pima tope. Kisahani cha upana wa senti 20, robo nyeusi robo nyeupe, kizamishe kwa kamba mpaka kikupotee. Maji ya kijani, senti 25 mpaka 40, sawa. Yakiwa rangi ya udongo na hata senti 15 hayafiki, kambale usitie.

4. UKUBWA. Hapa ndo watu wanapoharibikiwa, soma polepole. Mnadhani tope linamficha kifaranga, wapi, linamficha kambale. Perege anajihami kwa macho, kwenye tope haoni kitu, anazurura mbali na wenziwe na maficho, na kambale hana haja ya kuona, anawinda usiku kwa sharubu na harufu. Joto linamzidishia njaa. Halafu maji ya digrii 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika 30 zinabaki 7 na nusu, alfajiri unakuta perege wanahema juu juu na kambale anavuta hewa yake hana shida. Kwahiyo perege watangulie wakue, kambale aje baadae akiwa MDOGO kuliko wao. Watakaozaliwa humo ndo riziki yake.
ONYO: kambale hawakui sawa, mmoja akiwapita wenziwe mtoe, anameza hata ndugu zake.

Kijana wa Konde: mkuu sijasoma yote, nitie kambale wangapi?
Jibu: Nshaandika. Ukubwa kwanza, idadi baadae.

Bi Mtambwe: Kaka, perege hawezi kumjua adui kwa harufu?
Jibu: Suali zuri bibie. Samaki wengi ngozi ikichanika hutoka harufu ya hatari, wenziwe wakakimbia, ila hapo mmoja keshaliwa, jicho ndo linawahi. Na mwindaji anaetegemea macho, tope linamkwaza na yeye, mpaka windo limkaribie.

Mvuvi mstaafu: mie kisahani napima jioni.
Jibu: Hapana mzee wangu, pima karibu na saa sita jua likiwa juu, jioni kitakupotea mapema ukadhani tope limezidi.