Mzazi aendelee kunyonyesha: kazi ya nyumba nzima

Kuanza kunyonyesha huku Lamu na Malindi si shida. Shida ni kuendelea: ziwa pekee hadi miezi 6, kisha ziwa pamoja na chakula hadi miaka 2. Mara nyingi mama huacha kwa neno moja linalosemwa na watu wa nyumbani: "Maziwa hayamtoshi." Hutamkwa kwa huruma, jioni, mtoto akilia.

Kabla ya kulisema, hesabuni nepi. Kuanzia siku ya 5, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe usio na harufu kali. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, na kufikia wiki ya 2 uwe umerudi ulivyokuwa alipozaliwa. Kulia si kipimo. Ziwa kuwa laini si kipimo pia. Baada ya wiki kadhaa mwili huzoea, ukatengeneza kiasi kinachonyonywa. Kuanzia magharibi watoto wengi hutaka ziwa kila baada ya muda mfupi. Mpeni. Lakini nepi zikiwa chache, mkojo mzito na mtoto mlegevu, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kumpa mtoto maji ndiko kunakoharibu zaidi, hasa wakati wa kaskazi, joto likizidi. Maziwa ya mama yenyewe zaidi ya asilimia 80 ni maji, kwa hiyo kiu imeshahesabiwa. Tumbo lililojaa maji halitaki ziwa, na ziwa lisilonyonywa hupunguza maziwa. Basi lile neno la "hayamtoshi" huwa kweli, na tumelifanya kweli sisi wenyewe. Maji ya gripu ni hivyo hivyo. Asali asionje kabla ya mwaka 1. Inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake hauviwezi.

Maumivu ni sababu ya pili, nayo mara nyingi hutoka kwenye namna mtoto anavyolishika ziwa. Tumbo la mtoto liguse la mama. Sikio, bega na nyonga vilingane. Pua ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja afunue kinywa kama anayepiga mwayo, ndipo umlete yeye kwenye ziwa, si kumwinamia. Kidevu kigandame kwenye ziwa, na weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu kuliko chini. Ukisikia mlio wa kubusu, au chuchu ikitoka imebapa, ameshika vibaya: tia kidole safi pembeni mwa mdomo wake, mtoe, uanze upya. Ziwa likiwa gumu na jekundu, endelea kumnyonyesha kwalo. Homa ikizidi saa 24, nenda kliniki.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na usiku ndipo homoni ya maziwa hupanda zaidi. Hapo baba ana kazi: amlete mtoto, ambadilishe, amcheulishe. Wageni wa arubaini wapokelewe na watu wengine. Mzazi ale mbaazi za nazi, samaki na mchicha, na glasi ya maji iwe karibu yake kila anaponyonyesha.

Kurudi kazini huwashinda wengi. Sheria ya Kenya inatoa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Uliza. Anza kukamua wiki 2 kabla: osha mikono, weka kidole gumba na cha shahada nyuma ya weusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu. Katika joto la nyuzi 25 maziwa hukaa saa 4. Malindi huwa zaidi, basi yatie mara moja kwenye kasha lenye barafu. Friji huyatunza siku 4. Usiyachemshe, weka chombo ndani ya maji ya vuguvugu, na umnyweshe kwa kikombe kidogo, maana mtoto aliyezoea chupa huweza kulikataa ziwa. Yatakayobaki kikombeni yamwagwe ndani ya saa 2.